Matandiko na joto la nyoka visitenganishwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwafikie wanaofuga nyoka nyumbani, hasa walioanza karibuni. Wengi hununua matandiko, yaani vitu vya kutandaza sakafuni mwa kizimba, siku moja na kifaa cha joto siku nyingine, kana kwamba havihusiani. Hapo ndipo nyoka wengi wanapoanza kuumia.

Nyoka hatengenezi joto la mwili kama sisi. Hujipasha na kujipoza kwa kuhama, kwa hiyo kizimba lazima kiwe na upande wa moto na upande wa baridi. Chatu wa Afrika Magharibi, Python regius, anahitaji nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi upande wa moto na 25 hadi 27 upande wa pili. Nyoka wa mahindi wa Marekani hutosheka na 29 hadi 31, na upande wa baridi 22 hadi 24. Weka maficho pande zote mbili. Penye maficho moja tu, nyoka mwoga atachagua usalama na kuliacha joto analolihitaji, kisha mlo umwozee tumboni na autapike.

Sasa mkeka wa joto. Huu ni mkeka wa umeme. Hubandikwa nje, chini ya sakafu ya kioo, ukichukua theluthi moja ya sakafu, na kizimba kiinuliwe kidogo ili hewa ipite. Usiuwashe kamwe bila thamostati, kifaa kinachodhibiti joto. Kitambuzi cha thamostati, yaani ncha yake inayopima joto, kikae kati ya mkeka na kioo. Kikiachwa ndani bila kufungwa, nyoka atakisukuma hadi kwenye kona ya baridi. Thamostati itadhani kizimba kizima kimepoa na kuuacha mkeka ukiwaka bila kikomo. Wala usikishikize ndani kwa utepe wa gundi, maana nyoka akinasa kwenye gundi, kumbandua ni kumng'oa magamba.

Naomba wasomaji wasimame kidogo kwenye unene wa matandiko. Tuseme umetandaza sentimita 7 za vumbi la makumbi ya nazi juu ya mkeka. Kipimajoto kilichowekwa juu kinasoma 26, nawe unaongeza joto. Kinasoma 27, unaongeza tena. Matandiko yale ni blanketi: joto limenaswa chini yake, na kioo kinaweza kuwa kimepita nyuzi 40. Usiku nyoka anachimba, kama ilivyo desturi yake, na kulaza tumbo juu ya kioo hicho. Nyoka haondoki upesi juu ya kitu cha moto hata kikimwunguza. Utagundua baadaye, magamba ya tumbo yakiwa mekundu au yamevimba malengelenge.

Kwa hiyo, ukitumia mkeka, matandiko yaliyo juu yake yasizidi sentimita 1 au 2, na joto lipimwe kwenye kioo chenyewe, pale tumbo litakapogusa. Ukitaka matandiko mazito ya kuchimba, sentimita 8 au 10, leta joto kutoka juu kwa taa au kipasha joto cha seramiki. Soketi iwe ya kauri, na wavu wa chuma uizunguke taa, kwa sababu nyoka hupanda na kujizungusha kwenye chochote chenye joto. Taa itumie thamostati inayopunguza mwanga polepole. Ile ya kuwasha na kuzima inafaa mkeka lakini huua balbu mapema. Usiku tumia seramiki, isiyotoa mwanga. Mawe bandia yanayopashwa joto kwa umeme yasiingie kizimbani kabisa: huwa na sehemu zenye moto mkali kuliko nyingine, nayo huunguza.

Kuhusu aina ya matandiko, maranda ya mwerezi ni sumu. Mafuta yake yenye harufu hudhuru mapafu na ini. Maranda ya mti wa aspeni ni mazuri kwa nyoka wa mahindi, ila yakilowa huota ukungu, hivyo hayamfai chatu anayehitaji unyevu wa asilimia 55 hadi 70. Huyo mpe makumbi ya nazi. Mimina maji pembeni yazame chini, juu pabaki pakavu. Chukua konzi moja ulibinye: lishikamane bila kudondosha tone. Likidondosha, tumbo litaoza. Likipukutika, gamba litavuliwa vipandevipande na kuacha magamba angavu yanayofunika macho yameganda. Nyoka mgeni au mgonjwa atandikiwe karatasi tupu, maana damu, utitiri na kinyesi kibaya huonekana mara moja.

Baridi ikichanganyika na unyevu ni hatari kubwa kwa mapafu. Nyoka anayepumua mdomo wazi, anayekoroma au mwenye povu puani apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kabla ya kumwingiza nyoka, washa kizimba kikiwa kitupu kwa siku mbili au tatu, matandiko yakiwa tayari ndani. Pima pande zote mbili alfajiri na tena alasiri kwa kipimajoto cha dijitali chenye kitambuzi. Vile vya duara vya kubandika ukutani hupima hewa ya ukutani, si mahali nyoka anapolala. Na kila unapoongeza au kubadilisha matandiko, hata kwa sentimita 2, pima upya.

Wako,
Mfugaji wa nyoka