Wito wa Harambee: Tuwaenzi Wahandisi Wetu Wakiwa Hai, Tuezeke na Karakana

Assalam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na salamu kwa kila mwana-Tanga popote alipo: wa Ngamiani, Chumbageni, Makorora, Pongwe, na wewe uliyekwenda Dar es Salaam kwa wiki moja tu na sasa una wajukuu huko.

Kamati ya wazazi na wahitimu wa shule yetu ya sekondari ya kata inawaalika kwenye harambee, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, hapa hapa uwanjani kwetu. Siku hiyo tutawapa heshima wahandisi wanne wastaafu waliotumika mkoani kwetu tangu ujanani hadi mvi. Siku hiyo hiyo tutachanga kumalizia karakana ya ufundi. Kuta zake zimefika kwenye lenta, paa haina, na masika hayangoji mtu. Tunatafuta shilingi milioni 46.

Majina ya wazee hao hatuyaandiki hapa. Wenyewe wameomba yasitajwe hadi siku yenyewe, na mmoja amekubali kuja baada ya kuhakikishiwa kwamba hatavikwa joho. Wengi wenu mnawajua kwa sura. Mnakutana nao sokoni, msikitini, kanisani, kwenye kahawa jioni, na pengine mmewahi kumwomba mmoja wao aangalie pampu yenu bila kujua kwamba mkono ule uliwahi kuendesha maji ya mji mzima.

Tuanze na huyo wa maji. Maji tunayokunywa Tanga yanatoka mto Zigi, unaoteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki. Yanakusanywa kwenye bwawa la Mabayani, yanasafishwa Mowe, ndipo yanaingia mjini. Likielezwa hivyo jambo linaonekana jepesi. Lakini mvua ikinyesha kule Amani, mto unageuka rangi ya chai ya maziwa, na kiasi cha dawa ya kugandisha tope kilichotosha jana leo hakitoshi. Ukiweka kidogo, tope linafika kwenye chujio. Ukizidisha, umeharibu maji na fedha. Mzee wetu huyu alikuwa akiamka usiku wa manane anaposikia mvua juu ya bati la nyumba yake, anavaa koti, anakwenda. Hakuna aliyemwona, na sisi tulioamka asubuhi tukafungua bomba hatukuwa na sababu ya kuuliza kitu.

Kazi yake nyingine ilikuwa kutafuta mivujo. Bomba likipasuka chini ya barabara ya lami, maji hayatokezi pale pale. Hupita chini kwa chini yakaibukia kwingine kabisa. Basi yeye na mafundi wake walikuwa wakitembea saa nane za usiku, mji umetulia, wanasimamisha nondo juu ya valvu na kutega sikio kwenye ncha ya juu. Maji yanayovuja yana mlio wake, na bomba la chuma huusafirisha mbali. Vijana wa sasa wana vifaa vya kielektroniki vya kazi hiyo, na ni vizuri. Hata hivyo tumemwomba aje na nondo yake, awaonyeshe wanafunzi.

Yupo pia mama mmoja, injinia wa umeme. Watoto wa kike wa kidato cha pili walipoambiwa habari zake waliuliza kama ni kweli. Alifanya kazi kwenye vituo vya mto Pangani. Hale kilianza kuzalisha mwaka 1964, megawati 21, na kile cha Maporomoko ya Pangani tunachokitumia leo kilizinduliwa 1995, megawati 68. Alipoingia kazini, mara nyingi alikuwa mwanamke pekee kwenye zamu, na hata vyoo vya kituo havikujengwa kwa kumfikiria. Anasimulia hayo akicheka. Sisi kwenye kamati hatukucheka sana, kwa sababu tulikuwa tumetoka kuhesabu wasichana wetu wanaochagua fizikia wakifika kidato cha tatu, na hesabu hiyo haitufurahishi.

Wa tatu ni wa reli. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Moshi 1911. Wajerumani waliochora ramani yake wameandikwa, lakini waliobeba mataruma na kukata vichaka majina yao yamekwenda nao. Huyu wetu aliikuta reli ikiwa imezeeka, akaishi miaka yote akipigana na makalavati yanayozolewa na mafuriko. Alizaliwa nyanda za juu huko kusini, akaletwa kwetu kikazi. Waja leo waondoka leo ikamshinda, akaoa Mabawa.

Na wa nne ni wa bandari, enzi ambazo meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa gatini kwa matishari. Leo kina cha maji gatini kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13 na meli zinafunga zenyewe. Mzee anapenda kwenda kuziangalia, halafu anarudi akilalamika kwamba sasa kazi imekuwa rahisi mno.

Kwa nini tuwaheshimu sasa? Kwa sababu desturi yetu ya kumsifu mtu jeneza likiwa mbele yetu imetuchosha. Taifa limeshaonyesha njia nyingine. Mwaka 2018 daraja la juu la Tazara, Dar es Salaam, lilipewa jina la Mhandisi Patrick Mfugale, bingwa wa madaraja aliyekuwa mtendaji mkuu wa TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Alikuwa hai na bado kazini. Mwaka 2021 alifariki, lakini alikuwa ameshaliona jina lake likisimama barabarani. Bodi ya Usajili wa Wahandisi nayo ina Siku ya Wahandisi kila mwaka, ambapo wahandisi huapa hadharani. Hayo ni ya taifa, nasi tunayapongeza. Lakini mzee aliyekuwa akisikiliza mabomba ya Barabara ya Ishirini usiku, nani atamkumbuka kama si watu wa Barabara ya Ishirini?

Sasa tusimulie ugomvi wetu kidogo. Kikao cha kwanza cha kamati kilitaka ngao za kioo, chakula cha jioni hotelini Raskazone na bendi. Bajeti ikaandikwa. Tulipoipeleka kwa wazee, yule mama akaisoma hadi mwisho, akauliza vaisi moja, kile kifaa cha kubania chuma au mbao mezani, inauzwa kiasi gani siku hizi. Hakuna aliyejua. Akatuambia twende tukaulize, halafu tugawe bei ya ukumbi kwa bei ya vaisi. Tulikwenda, tukagawa, na bajeti ile hatujaifungua tena.

Ndiyo sababu heshima yenyewe itakuwa karakana. Itakuwa na meza nne kubwa za ufundi, na kila meza itabeba jina la mzee mmoja, limechongwa kwenye mbao na wanafunzi wenyewe. Hakutakuwa na ngao. Pilau watapika wazazi kwa mchango wao wa pembeni; fedha ya karakana haitanunua hata punje ya mchele.

Haja ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtaala mpya umeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, katika sekondari, na watoto wetu wanautaka, lakini amali haifundishwi kwa chaki. Mpaka leo wapo wanaofika mtihani wa fizikia hawajawahi kushika mita ya umeme. Wameiona kwenye picha. Na safari ya kuwa mhandisi ni ndefu. Kuna miaka minne ya chuo kikuu, kisha angalau mitatu ya mafunzo ya vitendo chini ya uangalizi ndipo mtu asajiliwe kuwa mhandisi kamili. Zamani ilikuwa ngumu zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973 tu, na kabla ya hapo aliyetaka fani hiyo alikwenda Nairobi au ng'ambo. Siku hizi vyuo vipo. Kinachokosekana ni mtoto wa kata kufika huko akiwa ameshafungua injini hata moja.

Fedha zitakwenda hivi: milioni 14 ni za paa, yaani mbao, mabati na ufundi, milioni 8 ni za sakafu, plasta, milango na madirisha, milioni 5 ni za kuvuta umeme wa njia tatu, maana mashine za kuchomelea na kuranda hazitaki mchezo, na 19 zinazobaki ni za vifaa. Kuhusu mabati, mzee wa bandari amekataa katakata geji 30. Anasema hewa ya chumvi ya pwani italila bati jembamba kabla mtoto aliye darasa la kwanza leo hajafika kidato cha nne. Tumeandika geji 28, ambayo ni nene zaidi ingawa namba ni ndogo, na ndiyo maana bei imepanda kidogo.

Jambo jingine, na tunawaomba msituelewe vibaya. Ndugu mmoja mwenye moyo mwema alijitolea lori la mchanga, tukashukuru, kisha wazee wakalirudisha. Ulikuwa mchanga wa ufukweni. Chumvi iliyomo inaingia kwenye zege, inakula nondo taratibu, nondo ikishika kutu inavimba na kupasua zege kutoka ndani. Nyumba ngapi za mji huu zina dari zinazomomonyoka na nondo nje nje? Basi anayetaka kutoa mchanga, tunaomba wa mto au wa machimbo. Kokoto na saruji tunapokea kwa mikono miwili, na kwa saruji hatuna sababu ya kutafuta mbali wakati kiwanda kipo Pongwe.

Huu ni mchango wa hiari. Hakuna mwanafunzi atakayerudishwa nyumbani, atakayesimamishwa mstarini wala atakayeulizwa mzazi wake ametoa nini. Mwalimu akikuuliza, tuambie.

Fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule peke yake. Namba yake imebandikwa kwenye ubao wa matangazo getini na inapatikana ofisi ya mkuu wa shule saa za kazi. Kamati haikusanyi kwa simu ya mtu binafsi. Ukiletewa namba ya mtu kwenye kundi la WhatsApp kwa jina la karakana hii, hata kama anayeileta ni katibu mwenyewe, usitume. Kila anayetoa atapewa stakabadhi, na kila mwisho wa mwezi tutabandika mapato na matumizi kwenye ubao ule ule.

Watu wa Tanga tumeshaonyesha kwamba tunaweza kuweka fedha kwenye kazi za wahandisi. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa umma kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, na watu wakainunua kuliko kiasi kilichotakiwa. Kweli, ile ilikuwa na riba ya asilimia 13.5, na yetu haina riba wala hairudi. Mtakachopata kwetu ni pilau.

Wazee wote wanne wamekubali kuja karakana Jumamosi moja moja kwa zamu, kufundisha bila malipo, mradi shule iwalipie bodaboda na isiwaache bila kahawa. Wahandisi na mafundi wengine wa mjini mnaotaka kuungana nao, mwalimu wa fizikia ana daftari la zamu.

Asiye na fedha lakini ana vaisi, drili, koleo, msumeno wa chuma, mita ya umeme au hata injini mbovu ya pikipiki iliyolala uani, ailete siku ya harambee. Kama hujui kifaa chako kinafaa au la, kilete hivyo hivyo. Wazee watakuwa wamekaa chini ya mwembe pale getini kuanzia saa mbili, na wamesema watakikagua.

Katibu,
Kamati ya Karakana, Tanga