Muuguzi mmoja, wagonjwa 34

Mhariri,

Mwezi jana nililala wiki nzima kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha mama yangu, katika hospitali moja ya umma hapa Nairobi. Usiku wa tatu dripu iliisha, damu ikaanza kurudi kwenye mrija. Muuguzi nilimkuta mwisho wa wodi, peke yake, akimgeuza mzee aliyelalia ubavu mmoja tangu magharibi. "Nakuja, dada." Alifika baada ya nusu saa, akaomba radhi. Nilihesabu wagonjwa: 34.

Kwenye matatu wauguzi husemwa kuwa wana roho ngumu. Wapo wakali, sikatai. Lakini mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa waliopasuliwa kufariki ndani ya siku 30. Nao walikuwa wakilinganisha wagonjwa wanne hadi wanane kwa muuguzi!

Hapa kwetu kuna vijana wenye leseni ya uuguzi wanaouza mitumba, na mwaka 2021 serikali ilitia saini mkataba wa kupeleka wauguzi Uingereza. Sipingi mtu kutafuta riziki. Naomba tu kila wodi ibandike mlangoni idadi ya wauguzi na wagonjwa wa zamu hiyo, tuisome kabla ya kumfokea mtu.

Mkazi wa Kayole,
Nairobi