Neno OK halikutoka vitani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Nimefundisha Kiingereza hadi nikastaafu, na bado watu wazima, tena wasomi, hunieleza kwamba OK ni neno la vitani: eti kikosi kikirudi salama, ubaoni waliandika sufuri na K ya "killed" (waliouawa), kwamba hakuna aliyeuawa. Hadithi tamu, ila ushahidi wake hakuna.

Ushahidi uliopo umo gazetini. Tarehe 23 Machi 1839, Boston Morning Post la Marekani lilichapa "o.k." na papo hapo likaifafanua: "all correct", yaani yote ni sawa. Waandishi wa Boston siku hizo walipenda mchezo wa kufupisha maneno kwa tahajia iliyokosewa makusudi. "Oll korrect" ndiyo iliyozaa O na K. Vifupisho vingi vya aina hiyo vilikufa. Hiki kiliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, New York, aligombea tena. Wafuasi wake walimwita Old Kinderhook, wakaanzisha klabu za O.K. Yeye alishindwa, neno likabaki.

Aliyefukua haya ni Allen Walker Read, mtafiti aliyepekua magazeti ya zamani na kuchapisha matokeo yake miaka ya 1963 na 1964. Kazi ya namna hiyo, ya kusoma safu baada ya safu, inastahili heshima. Basi hadithi ya sufuri isichapwe tena kama historia.

Wako,
Mwalimu mstaafu