Barua kwa mwanangu anayetaka kuuza vipodozi

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo zako zimefika, marahaba mama. Huku Kirumba, Mwanza, sisi wazima, bibi yako anakuulizia kila siku. Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na baba yako. Unasema ukimaliza chuo hutaki kuzunguka maofisini na bahasha ya vyeti, unataka kuuza vipodozi, na rafiki yako wa hapo Dodoma amekuonyesha krimu za kung'arisha ngozi ambazo mzigo wake unaisha ndani ya wiki. Unaomba mtaji. Mambo haya hayaongeleki kwenye simu huku mteja yuko chini ya draya, ndiyo maana nimekaa niandike.

Biashara ya vipodozi naikubali kwa moyo wote. Ada yako imetoka kwenye saluni hii na kwenye sabuni ninazopika uani. Lakini krimu hizo sitaziwekea hata senti.

Kuna dada anauza dagaa pale Mwaloni, namsuka mimi. Kazi yake ni ya juani kuanzia alfajiri. Juzi nilimwosha nywele kwanza, maji ya vuguvugu yakateleza hadi shavuni, akaruka kwenye kiti. Maji matupu yanamchoma! Nilipozitenga nywele za kisogoni nikaona shingo imepauka, na nyuma ya masikio kuna madoa ya rangi ya wino. Vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, maana mkorogo huwa hauviwezi. Na muda wote huo amempakata mwanawe, ananyonya, shavu la mtoto limelala kwenye kifua kile kile kinachopakwa kila usiku. Nilisuka huku roho inaniuma.

Krimu za namna hiyo nyingi zina haidrokwinoni, kemikali ya kupausha ngozi, au zebaki, na sheria ya nchi yetu imevipiga marufuku vyote viwili kwenye vipodozi. Zebaki ni ile ile ambayo wachimbaji wadogo kule Geita wanakamatishia dhahabu. Inapita kwenye ngozi, inaharibu figo, na mtoto mchanga anaipata kwa mama yake. Haidrokwinoni ikipakwa muda mrefu ndiyo huleta yale madoa ya wino, na kuyaondoa ni kazi ngumu mno. Mtumiaji akiona madoa anadhani krimu imempungukia, anaongeza. Muuzaji anafurahi kwamba mzigo unakwenda. Usishangae basi kwamba unaisha ndani ya wiki.

Ulipokuwa kidato cha pili nilikusimulia habari za Madam C. J. Walker wa Marekani, wewe ukakamata tu kwamba alitajirika. Nataka umtazame tena, safari hii kama mfanyabiashara.

Alizaliwa 1867 huko Louisiana, jina lake Sarah Breedlove, wazazi wake walikuwa wametoka utumwani. Akawa yatima akiwa na miaka 7, akaolewa na miaka 14, na alipofika 20 alikuwa mjane mwenye mtoto wa kike. Akaenda St. Louis walikokuwa kaka zake vinyozi, akafua nguo za watu miaka mingi. Nywele zikaanza kumtoka. Wanawake wengi weusi wa wakati ule walikuwa na shida hiyo: maji ya bomba ndani ya nyumba hawana, kichwa kinaoshwa kwa nadra, mba na vidonda vinaota. Kwa hiyo mafuta aliyokuja kuyauza yalikuwa na salfa, na aliwafundisha wateja kuosha kichwa kwanza, mara kwa mara, ndipo wapake. Aliianza biashara yake kwenye ugonjwa uliokuwepo kweli. Ngozi nyeusi siyo ugonjwa, mama.

Tena, kabla ya kuwa na kopo lenye jina lake, aliuza bidhaa za Annie Turnbo Malone, mwanamke mweusi aliyemtangulia. Watu humruka huyu Annie wanaposimulia, nami naona si haki. Walker aliijua biashara akiwa wakala wa mwenzake. Mwaka 1905 akahamia Denver, mwaka uliofuata akaolewa na Charles Joseph Walker, ndiko jina lilikotoka, na 1910 akaweka makao Indianapolis akajenga kiwanda.

Mwaka 1912 alikwenda Chicago kwenye mkutano wa wafanyabiashara weusi. Mwenyekiti, Booker T. Washington, hakumpa nafasi ya kuongea. Siku ya mwisho Walker akasimama mwenyewe akawaeleza ametoka mashamba ya pamba, akapita kwenye kufua na kupika, na sasa ana kiwanda. Mwaka uliofuata alialikwa kama mzungumzaji. Ninachokipenda zaidi ni mkutano wake wa mawakala wa 1917, Philadelphia: alitoa zawadi kwa waliouza sana, na pia kwa waliochangia sana jamii zao. Alipofariki 1919 alikuwa na miaka 51. Na katika uhai wake kampuni hiyo haikuuza krimu ya kung'arisha ngozi. Iliingizwa baadaye, yeye hayupo.

Sasa tuje kwetu. Uanze na sabuni za mche na mafuta ya nywele, vitu ninavyoweza kukufundisha mwenyewe. Mawese tutachukua ya Kigoma, siagi ya shea inatoka Uganda. Kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, unaitia kwenye maji. Usije ukamimina maji juu ya kostiki, inafoka, inaunguza. Sabuni ikishakatwa inakaa wiki nne kabla ya kwenda sokoni, hata kama mteja analia. Kila kitu kiingie kwenye daftari, mali bila daftari huisha bila habari.

Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango, zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Tutapita SIDO kwanza, shirika la viwanda vidogo, wana uzoefu wa kuwashika mkono wajasiriamali wadogo mpaka kwenye alama ya ubora. Lebo iandikwe viambata vyote, na tarehe. Mikopo ya kausha damu usiiguse hata ukibanwa vipi, nimeona wenzangu hapa Kirumba wakibebewa makochi na friji. Tukihitaji kuongeza, kuna ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, wanawake na vijana wana fungu lao, na inadai muwe kikundi kilichosajiliwa. Tafuta wenzako kuanzia sasa, watu unaoaminiana nao.

Mtaji nitakupa, kwa mafungu. Fungu la kwanza ni mafuta, kostiki na makopo, nimeshaulizia bei ya makopo mjini. Fungu la pili nitalitoa nikiona daftari. Rafiki yako mwambie asante, na mzigo wake usiupokee hata kwa mali kauli.

Ukikata tiketi nijulishe unapanda basi gani, baba yako atakufuata stendi ya Nyegezi. Beba na zile ndoo zenye mifuniko tulizokupa ulipoanza chuo, tutazihitaji kwenye kupika.

Mama yako