Ulichoniuliza kuhusu seli

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu sana. Uliniuliza: kama mwili hutengeneza seli mpya kila uchao, uzee unaingilia wapi? Nilidhani nitakujibu kwa ujumbe mfupi wa simu, nikaona nitakupunja.

Kwanza, si seli zote hufanywa upya. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, za ukuta wa utumbo siku chache tu, ilhali nyingi za ubongo umezaliwa nazo na utazikwa nazo. Hizo za ubongo tuziache kwa leo. Kisa kiko kwa zile zinazogawanyika.

Zamani wataalamu waliamini kwamba seli ikitunzwa vizuri nje ya mwili haifi. Mwaka 1912 Alexis Carrel, daktari Mfaransa, alianza kuotesha seli za moyo wa kuku, na zikatunzwa kwa zaidi ya miaka 30. Nani angembishia mshindi wa Tuzo ya Nobel? Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, huko Philadelphia, walimbishia. Seli zao za binadamu ziligawanyika mara 50 hivi, zikagoma. Ili asiambiwe chakula alichozipa seli kilikuwa kibovu, Hayflick alichanganya seli za kiume zilizokwisha kugawanyika sana na za kike zilizokuwa bado changa. Muda si muda akakuta zimebaki za kike peke yake, zinaongezeka kwa chakula kilekile, chombo kilekile. Hata ukizigandisha katikati ya safari kisha ukaziyeyusha, huendelea kuhesabu kuanzia pale zilipoachia. Hilo bado linanishangaza.

Hesabu hiyo huwekwa wapi? Mrusi Alexey Olovnikov aliwaza jibu akiwa kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi mjini Moscow. Kimeng'enya (protini ya kuendesha kazi za seli) kinachonakili DNA, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, alijiambia, ni kama treni juu ya reli: kile kipande cha mwisho ambacho treni yenyewe imekikalia hakinakiliwi. Alichapisha wazo hilo mwaka 1971, na kwa jumla alikuwa sahihi. Kila seli ikigawanyika, ncha za kromosomu (nyuzi zilizobeba DNA), ncha ziitwazo telomia, hupungua kidogo. Zikifupika mno, seli huziona kama DNA iliyokatika, nayo huacha kugawanyika. Kipo kimeng'enya cha kuzirefusha, telomerasi, ambacho Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Nobel ya mwaka 2009 kwa kazi yao juu yake na juu ya telomia, lakini katika seli zetu nyingi kimezimwa.

Najua utauliza kwa nini kisiwashwe. Saratani nyingi hukiwasha, ndiyo maana seli zilizochukuliwa kwenye uvimbe wa saratani wa Henrietta Lacks, mgonjwa wa Marekani, mwaka 1951 zinagawanyika hadi leo. Kwa hiyo ule mgomo ni ulinzi, tena ulinzi wa gharama: seli iliyogoma haifi. Hukaa palepale ikimwaga kemikali zinazofanya sehemu ile ivimbe na kuwaka, na majirani huharibika nayo. Ujanani mfumo wa kinga huziondoa, uzeeni hurundikana. Kwa maoni yangu hizi ndizo zenye madhara kuliko zile zinazokufa.

Maana kufa ni kazi ya kawaida ya seli. Vidole vyako vilitengana tumboni kwa sababu seli zilizokuwa kati yake zilijiua. Yupo mnyoo mmoja mdogo, C. elegans, ambaye katika kukua kwake seli 131 hufa, na karibu kila mara ni zilezile. Seli inayojiua haipasuki: mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, huvujisha protini fulani, vimeng'enya vya kukata huamka, seli hunywea, hugawanyika vifurushi, huweka alama kwenye utando wake wa nje, na seli jirani huvimeza bila vurugu. Ile inayokufa kwa kuungua au kukosa damu ndiyo hupasuka na kufanya sehemu ile ivimbe.

Kuhusu vidonge vya kurefusha telomia ulivyovisikia, mimi nisingevinunua. Panya wa maabara wana telomia ndefu kuliko zetu mara kadhaa, na huishi miaka 2 au 3 tu. DNA huharibika kwa njia nyingine pia, protini zilizokunjwa vibaya hurundikana, mitokondria huchoka. Vidonge hivyo havigusi hata moja kati ya hayo.

Ukiwa na swali jingine niandikie, ila sasa usinipe la ubongo, nipumzike kwanza.

Wasalimie wote.

Ni mimi, rafiki yako