Risala ya wasanii wa mwalo wa Igombe kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wetu, wavuvi, mama zetu wa dagaa, itifaki imezingatiwa.

Karibu mwaloni. Mchanga ukiingia viatuni utusamehe, ndilo jukwaa letu.

Tuko wasanii 14, wengi wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Tunacheza bugobogobo, ngoma ya Kisukuma, hadi watu wajae, kisha tunaigiza. Jambo likifika pagumu tunakata mchezo, mtazamaji anaingia kuuendeleza.

Njia hii si ngeni mkoani kwetu Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Penina Mlama, walikwenda Malya, Kwimba, wakaitafuta kero pamoja na wanakijiji kabla ya kutunga chochote. Iliyojitokeza ilikuwa mimba za mabinti.

Sisi mwaka jana tuliigiza kokoro, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku. Mvuvi wa mchezo alikamatwa, askari akamfunga mikono kwa kipande cha wavu, watu wakacheka. Mama mmoja, ndoo ya dagaa ingali kichwani, akaingia katikati: "Mnamfunga kibarua! Kokoro lenyewe la nani?" Kicheko kikakatika. Matajiri wawili wenye mitumbwi walikuwa wamekaa palepale, kwenye gogo. Mabishano yalikwenda hadi giza, na kila kibarua aliyesimama alisema lilelile: wavu hachagui yeye, anapewa. Kumbe matangazo yote ya vipaza sauti yaliyopita hapa yalikuwa yakimsemesha asiye na wavu.

Ndiyo maana, Mheshimiwa, inatuuma tunapoitwa kuchangamsha watu mgeni akisubiriwa, gari likitokea tunaambiwa tukate. (Leo hatujakatwa. Tunashukuru.)

Ombi letu kubwa: maofisa wa uvuvi na wa afya waje tuigize nao mradi ungali haujaandikwa, wasikie watu wanavyojibu, ndipo waandike. Lingine ni mafuta ya mashine ya mtumbwi, tufike visiwani. Ngoma moja imepasuka pia, ila hiyo tutaiwamba wenyewe.

Sasa tutaonyesha kipande kifupi kuhusu kichocho na watoto wanaooga ziwani. Tutakikata katikati. Kiti chako, Mheshimiwa, tumekiweka karibu na uwanja kwa makusudi. Tungependa uwe wa kwanza kuingia.

Tunaomba kuwasilisha.