Salem: mnawabebesha watoto mzigo wa majaji

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Nimeisoma ile makala yenu ya kesi za uchawi za Salem, Marekani, mwaka 1692, mpaka mwisho na imeandikwa vizuri tu, ila kuna vitu viwili vimenikera. Kwanza mmesema watu walichomwa moto. Salem hakuchomwa mtu hata mmoja, walinyongwa kwa kamba watu 19, wanawake 14 na wanaume 5, maana Massachusetts ilikuwa koloni la Uingereza na kwa sheria ya Uingereza mchawi ananyongwa, mambo ya moto yalikuwa huko Ujerumani na kwingineko Ulaya. Hilo dogo, mstari mmoja wa masahihisho unatosha. La pili ndo limenifanya nishike simu niandike: makala nzima inaishia kuwalaumu wasichana waliodai wanarogwa, eti waongo wachache ndo walioiangamiza jamii nzima ya Wapuritani, wale Waprotestanti wenye msimamo mkali wa dini. Jamani! Wasichana walipiga kelele, sawa, sasa nani alizigeuza zile kelele kuwa kesi ya kifo?

Hebu tuangalie hao wasichana wenyewe. Januari 1692 walioanza kujipinda na kulia ni Betty Parris mwenye miaka 9 na binamu yake Abigail Williams, miaka 11, nyumbani kwa mchungaji Samuel Parris, Salem Village, siku hizi panaitwa Danvers. Mtoto wa miaka 9 hatoi hati ya kumkamata mtu. Tena huyo Betty alihamishwa mapema akapelekwa kukaa kwa watu wengine, mahakama kuu inaanza kunyonga yeye hayupo kabisa. Mercy Lewis naye alikuwa msichana wa kazi kwa kina Putnam, familia ya pale kijijini, yatima, wazazi wake waliuawa kwenye vita vya mpakani huko Maine. Hawa ndo mnaosema waliwashinda akili majaji waliosoma Harvard?

Wakubwa walikuwemo tangu siku ya kwanza. Jirani mmoja, Mary Sibley, muumini wa kanisa, ndo aliyeshauri ipikwe keki ya unga wa rai (nafaka inayofanana na ngano) uliochanganywa na mkojo wa wale watoto, apewe mbwa ili mchawi ajulikane. Yaani unatafuta mchawi kwa uchawi! Baada ya hapo majina yakaanza kutoka, na tarehe 29 Februari wanaume wazima, Thomas Putnam akiwemo, wakaenda kushtaki rasmi. Waliokamatwa ni Tituba aliyekuwa mtumwa wa mchungaji, Sarah Good aliyekuwa ombaomba, na Sarah Osborne, mgonjwa ambaye kanisani alikuwa haonekani siku nyingi. Mnaona jinsi walivyochaguliwa, watu wasio na wa kuwatetea. Huyo Putnam ukiangalia karatasi za kesi zilizobaki, maelezo mengi ya mashahidi ni mwandiko wake yeye, na familia yake ilikuwa na ugomvi wa muda mrefu na wenzao kijijini, mambo ya ardhi, mambo ya mchungaji na mshahara wake, kuni zake za baridi na kadhalika.

Tituba akabanwa na mahakimu akakiri, akasema kuna mtu mrefu kutoka Boston, kuna kitabu kina alama tisa za waliotia saini kwa shetani. Alama tisa! Basi msako ukawa na kibali.

Sasa mahakama yenyewe. Gavana William Phips aliiunda Mei, akamweka makamu wake William Stoughton kuwa jaji mkuu, na huyu hata shahada ya sheria hakuwa nayo, alisomea uchungaji. Wakakubali ushahidi wa mizuka, yaani shahidi anasema jana usiku roho yako ilikuja ikaninyonga shingo, wewe unasema mimi nilikuwa nimelala kwangu na mume wangu shahidi, wanakwambia mwili ndo ulilala, roho ilikuwa matembezini. Utajitetea vipi hapo? Ukinyamaza umekubali, ukilia unaigiza, ukiuma mdomo wasichana nao wanapiga kelele kwamba wanaumwa.

Kesi ambayo mngepaswa kuiweka juu kabisa ni ya Rebecca Nurse. Mama wa miaka 71, mgonjwa, masikio mazito, mcha Mungu anayeheshimika, majirani 39 waliweka saini zao kumtetea, na kusaini vile kipindi kile ni kujitafutia matatizo. Juri, wale wananchi wanaoapishwa kuamua, wakarudi wakasema hana hatia. Wasichana wakaangua vilio mahakamani. Hapo ndo Stoughton akaingilia, akawauliza juri kama wamezingatia kauli fulani ya Rebecca, kwamba alipoletwa mwanamke mwingine aliyekiri uchawi yeye alisema huyu ni mmoja wetu. Juri wakarudi, wakamuuliza mama alimaanisha nini. Hakujibu. Hakujibu kwa sababu hakusikia, baadaye alieleza kwa maandishi kwamba ana masikio mazito na majonzi yalimjaa, na kwamba alimaanisha tu mfungwa mwenzetu. Walikuwa wameshamtia hatiani. Alinyongwa tarehe 19 Julai. Nionesheni hapo mtoto aliyetoa hukumu.

Kuna kitu kingine makala yenu imekiruka na kwangu ndo kiini cha balaa lote. Aliyekiri alibaki hai, aliyekataa alikufa. Ukikubali kuwa ulitia saini kitabu cha shetani na ukataja wenzako, unawekwa pembeni kama shahidi, ukishikilia kwamba wewe ni mtu safi unapandishwa kwenye mti. Ndo maana kule Andover, mji wa jirani, watu walikiri kwa makundi, wengine wakisukumwa na ndugu zao wenyewe wanaowapenda, kiri mama, kiri tukuokoe. Samuel Wardwell alikiri, dhamiri ikamsuta akafuta maneno yake, tarehe 22 Septemba akanyongwa. Siku hiyohiyo alinyongwa Mary Easty, mdogo wake Rebecca, ambaye alikuwa amewaandikia majaji, na hakuombea roho yake, aliomba tu damu ya wasio na hatia isiendelee kumwagika. Mzee Giles Corey, kama miaka 80 hivi, yeye aligoma kujibu shtaka, wakamlaza na kumrundikia mawe mpaka akafa. Mahakama ikiweka bei ya namna hiyo kwenye ukweli itauziwa uongo kila siku, hata wasichana wote wangenyamaza.

Kuhusu ile nadharia kwamba wasichana walikula rai yenye kuvu ikawalevya, sina ugomvi nayo sana, ingawa wataalamu wengi wameikataa. Kuvu haisaini hati ya kunyonga.

Na mwone ilivyoisha. Oktoba mchungaji Increase Mather akaandika kwamba heri washukiwa kumi wa uchawi waponyoke kuliko mtu mmoja asiye na hatia kuhukumiwa, na wakati huo mke wa gavana naye alikuwa ameshatajwa (ajabu ya Mungu, gavana akafumbuka macho). Phips akaivunja mahakama, ikaja nyingine Januari 1693 isiyosikiliza mizuka na kesi zikaporomoka karibu zote. Watoto hawakubadilika, kanuni ya ushahidi ndo ilibadilika. Hata hivyo walioachiwa walitakiwa kwanza walipe gharama za chakula na pingu za kule jela, kuna walioendelea kusota ndani kwa kukosa pesa.

Ann Putnam, binti wa Thomas na mmoja wa wale wasichana, aliyekuwa na miaka 12 wakati ule, mwaka 1706 alisimama kanisani maungamo yake yakasomwa mbele ya ndugu wa wale aliowataja. Samuel Sewall, mmoja wa majaji wale, alishafanya hivyo 1697. Stoughton hakuomba radhi mpaka anaingia kaburini mwaka 1701, na katikati hapo alikaimu ugavana. Elizabeth Johnson, mmoja wa waliohukumiwa, jina lake limesafishwa na bunge la Massachusetts mwaka 2022, ni juzi tu hapa. Jaji mkuu yeye kuna mji hukohuko Massachusetts umepewa jina lake, unaitwa Stoughton mpaka leo.

Msomaji wenu